Mstari wa Poti ya Kumi na Tisa

Nadège, na ninyi wenzako wawili mnaobaki na chumba cha mashine: mliniomba niwaandikie kila kitu kabla sijasahau. Si kila kitu huandikika. Maneno ya siri ya swichi yamo ndani ya bahasha, kwenye kabati la chuma. Daftari la poti, yaani la matundu ya mtandao, liko juu ya kabati hilo, lile lenye jalada la kitambaa cheusi, na najua mtaliamini, kwa sababu kampuni nzima imeliamini miaka yote. Ndiyo maana ninaandika. Ndani yake kuna mstari mmoja wa uongo. Niliuandika mimi kwa mkono wangu, na mtu mmoja alifukuzwa kazi kwa ajili yake. Nitaufikia, lakini mkiusoma bila kujua yaliyotangulia mtadhani mzee alisahau tu kuifunga poti. Sikusahau.

Nilipoingia hapa, kampuni yetu ya kupitisha mizigo forodhani ilikuwa na kompyuta sita na printa mbili. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kupigia chapa, na mashine hizo zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, kwa hiyo nikapelekwa kwa Papa Kalonji. Alikaa kwenye chumba chenu hicho cha mashine, kisicho na dirisha, nyuma ya mapokezi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo hata katika joto la mwezi wa kumi. Wazazi wake walikuwa wametoka Kasai. Yeye alizaliwa hapa Lubumbashi, akaongea Kifaransa cha walimu na Kiswahili cha mtaani, vyote kwa sauti ileile ya chini. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alimwaga mezani katoni nzima ya nyaya.

"Funga macho," aliniambia. "Hii njo ya nini?"

Nikaushika waya. "Sijue, Papa."

"Haujue juu unatafuta kuona. Courant ikienda, giza ikiingia, utaona nini? Hesabu na kidole."

Basi nikahesabu. Pini tisa katika mistari miwili, poti ya kuzungumza na mashine moja kwa moja. Pini kumi na tano katika mistari mitatu, kioo. Ile pana ya pini ishirini na tano, printa. Ya mviringo, kibodi, nayo inataka kugeuzwa mpaka ikubali yenyewe. Wiki ya pili nilisukuma waya wa kioo kwa nguvu nikapinda pini mbili. Papa Kalonji hakupaza sauti. Alitoa kalamu ya risasi ya kubonyeza, akaondoa risasi, akaingiza pini katika ile ncha tupu na kuinyosha polepole, kisha akanipa kalamu ninyoshe ya pili. Ninyi mnacheka nyaya za siku hizi zinazoingia upande wowote. Chekeni, lakini tundu lililolegea bado hugundulika kwa kidole kabla ya jicho.

Mtandao ulipokuja na swichi ya kwanza, ile mashine inayounganisha kompyuta zote, alinunua daftari lile. Safu nne: namba ya tundu la ukutani, namba ya poti kwenye swichi, jina la mtu, na hali, yaani imefunguliwa au imefungwa. Mtu akihama ofisi, tunaifunga poti yake kwa amri kwenye swichi, hata kama waya umebaki umechomekwa. Poti iliyo hai isiyo na mwenyewe inampokea yeyote mwenye waya, na swichi haimuulizi jina. Alikuwa na sheria moja, aliyoirudia mpaka nikaichukia.

"Funga kwanza, kisha njo uandike. Ukianza kuandika, kichwa itasema umemaliza, na port iko wazi."

Kazi ngumu tulizipata za kutosha. Kiangazi, vumbi letu jekundu lilijaa ndani ya matundu mpaka waya haukukaa. Tuliyasafisha kwa brashi ndogo ya rangi, kavu, na nawaomba msipulize kwa mdomo, mate si dawa. Mvua za Desemba zikaleta radi. Siku moja radi ilipiga karibu na bohari letu la Kampemba, na swichi ya huko ikabaki inawaka taa kana kwamba ni nzima, kumbe poti nane zimekufa. Tulizipima moja moja kwa kompyuta ileile na waya uleule, kwa sababu ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hujui kilichokudanganya ni kipi. Tulipomaliza tulitafuta rangi ya kuziwekea alama zile zilizokufa, hatukuwa nayo. Mama Béa wa mapokezi akafungua mkoba akatupa rangi yake ya kucha.

"Muniachie kidogo," alisema. "Jumapili niko na mariage, ndoa ya jirani."

Hatukumwachia. Swichi ile bado iko kabatini, na nukta nane nyekundu zinaonekana.

Huyo Mama Béa ndiye mtu ninayetaka mumjue. Meza yake ilikuwa mbele ya mlango mkuu, alipokea wateja na madereva, na sauti yake ilifika mpaka uani. Saa sita mchana alikuja chumba cha mashine na bakuli lake la bukari, ugali wa huku kwetu, akavuta kiti karibu na Papa Kalonji na mimi. Alisema huku kuna ubaridi wa kiyoyozi na hakuna dereva wa kumwita. Bukari na sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki mkavu, na Papa Kalonji akitukataza kuweka bakuli juu ya seva. Tulifanya hivyo miaka mingi sana. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu ninachoweza kukipoteza.

Lazima niwaambie jambo moja ambalo kitabu cha kazi hakina. Mtu wa chumba cha mashine haitwi ila kitu kikifa. Siku ambayo kila kitu kinakwenda vizuri ni siku ambayo hakuna aliyetamka jina lako. Mimi niliwajua watu kwa taa za poti zao. Asubuhi nilisimama mbele ya swichi nikaona ya nne inawaka, nikasema moyoni, mhasibu amefika. Ya kumi na mbili inawaka na kuzima, Papa wa magari ameanza kutafuta matokeo ya mpira. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Papa Kalonji, hatua tatu kutoka nilipokaa, na bado niliiangalia.

Papa Kalonji alifariki kabla ya kustaafu, mwezi wa sita, baridi. Tulikwenda kwenye kilio kwake siku zote, tukakaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai. Familia ikasema meza yake isiguswe mpaka watakapoondoa matanga, na waliyemngoja ni mtoto wake mkubwa aliyekuwa Kasai. Mnaijua desturi. Kiti cha marehemu hakivutwi ovyo, vitu vyake havifungwi kwenye katoni kama vya mtu aliyefukuzwa, mpaka wenyewe waje wavichukue kwa heshima. Mkurugenzi wetu wa wakati ule alikubali. Miwani yake ilibaki juu ya kibodi.

Meza iliachwa, na poti nayo nikaiacha. Kuifunga kabla ya matanga kuondolewa kulionekana kwangu kama kumtoa mzee nje kwa kumsukuma mgongoni. Zaidi ya hapo, kila asubuhi niliiwasha kompyuta yake. Nilijiambia naangalia kama diski haijaharibika kwa kukaa. Ukweli ni kwamba nilitaka taa ya kumi na tisa iwake. Nilikuwa mpweke, nilimkosa, na taa ile ikiwaka chumba kilikuwa na watu wawili.

Mtoto wa Kasai akachelewa. Mwezi, miezi mitatu. Katikati yake wakaja wakaguzi kutoka nje, wakataka orodha ya poti zote, na kila isiyo na mwenyewe iwe imefungwa, na sahihi yangu chini. Nilizifunga nyingine zote. Nilipofika kwenye mstari wa kumi na tisa niliandika "imefungwa", nikatia tarehe. Nilidhani familia itakuja wiki ile, wataondoa matanga, nami nitaifunga jioni yake na hakuna atakayejua. Niliandika kwanza. Mimi, mwanafunzi wa Papa Kalonji.

Familia haikuja wiki ile. Siku zile Mama Béa alikuwa akinisumbua kuhusu madereva. Walikaa mapokezi kutwa wakingoja karatasi zao, wengine wana picha za hati kwenye simu na hawana namna ya kuzituma, na aliyekaripiwa ni yeye.

"Papa Mwansa, unipatie hata ka Wi-Fi kadogo ka ba chauffeurs."

"Kesho, Mama Béa."

"Kesho yako iko na miezi ngapi?"

Hakungoja tena. Jumatatu moja asubuhi alileta kutoka nyumbani kisanduku kidogo cha Wi-Fi, akaingia chumba cha mashine mimi nikiwa bohari, akachomoa waya kwenye kompyuta ya Papa Kalonji, akauchomeka kwenye kisanduku chake na kukisogeza karibu na mlango ili mawimbi yafike mapokezi. Visanduku vile, kama mnavyojua, vina matundu manne yaliyopakana na moja lililojitenga. Angeuchomeka kwenye lile lililojitenga, labda nisingejua hata leo. Aliuchomeka kwenye moja la yale manne. Kisanduku kikaanza kugawa anwani, zile namba za kompyuta kutafutana, kwa kampuni nzima, anwani za uongo, na kila kompyuta iliyowashwa asubuhi ile ikaipokea ile iliyoifikia kwanza. Kufika saa nne nusu ya ofisi haikuiona seva. Malori yetu yalikuwa Kasumbalesa, mpakani, na hati zake hazikuweza kutumwa.

Nilirudi mbio. Nikachukua kompyuta moja iliyopotea, nikatazama inapata anwani kutoka kwa nani, nikaitafuta namba ya huyo mgawaji kwenye jedwali la swichi. Jedwali likajibu poti ya kumi na tisa. Nikachomoa kisanduku, nikaifunga poti, na saa sita kila kitu kilikuwa kinakwenda. Mkitaka funzo la kazi, ni hilo: swichi itawaonyesha mgeni ameingilia wapi kama mtaiuliza vizuri. Na swichi zenu mpya zinaweza kuzuia kisanduku kama kile kugawa anwani. Washeni kinga hiyo kwenye kila poti, msiwaamini watu, msiniamini hata mimi.

Alasiri Mkurugenzi alituita ofisini kwake. Mezani pake palikuwa na kisanduku, na daftari jeusi limefunguliwa. Mama Béa alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Huku imeandikwa imefungwa," Mkurugenzi alisema. "Wewe mama, nani alikufungulia hii port?"

"Hakuna muntu, Chef. Nilikuta inatembea, inafanya kazi."

"Inatembea namna gani? Miezi miwili iko imefungwa, na sahihi. Ulichukua mot de passe, ile neno ya siri, wapi?"

"Sina mot de passe, Chef. Miye nilichomeka tu."

Akanigeukia mimi. "Papa Mwansa, hii daftari iko inasema kweli?"

Mkiwa na mwaka mmoja au miaka thelathini kazini, itafika siku mtu atawauliza swali ambalo jibu lake ni neno moja. Nilijua neno lenyewe. Nilifikiria wakaguzi, sahihi yangu, jina langu la mtu asiyekosea. Nilifikiria pia, na hili ni aibu zaidi, kwamba watauliza kwa nini nilikuwa nawasha kompyuta ya marehemu.

"Daftari inasema imefungwa, Chef," nikajibu.

Hilo tu. Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli. Mama Béa aliendelea kunitazama. Nilidhani ananiomba. Alifukuzwa kwa kuingilia mtandao kwa siri, na Ijumaa ile alitoka na mfuko mmoja, miaka yake yote imo ndani ya mfuko mmoja.

Familia ya Papa Kalonji ilikuja wiki mbili baadaye, wakaondoa matanga, wakachukua miwani.

Tangu hapo ni miaka tisa. Nimejifunza mengi ndani yake, na mnayafanyia kazi. Nilifunga zile poti za namba ndani ya seva, milango isiyoshikika kwa mkono, ambazo mtu wa nje alikuwa anazigonga kutwa akitafuta kuingia; nilikataza kuacha ile ya kuongoza kompyuta kutoka mbali ikiwa wazi kwa dunia nzima; niliziba matundu ya vijiti vya kumbukumbu, hizi flashi, kwenye kompyuta za forodha baada ya karani mmoja kuleta virusi ndani ya nyimbo za harusi ya dada yake. Watu walinisifu kuwa mkali. Lakini saa sita mchana nilikula peke yangu, mgongo kwa seva. Hakuna aliyenitenga, hakuna aliyejua. Mtu akinikaribisha nje nilisema nina kazi. Kiti alichokuwa akikivuta Mama Béa nilikipeleka bohari kwa sababu sikuweza kula nikikiona. Nadège, mwaka wako wa kwanza ulisimama mlangoni na sahani yako ukaniuliza, "Papa, nikuye kula na weye?" nikakujibu kuna vumbi huku. Hapakuwa na vumbi, ulijua, nami naomba unisamehe.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia keki. Mliporudi mezani kwenu nilichukua daftari, nikaenda mstari wa kumi na tisa, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Uongo. Poti hii ilikuwa wazi. Niliiacha wazi mimi, Mwansa." Nikampelekea Mkurugenzi wa sasa barua yenye maneno hayohayo. Aliisoma, akaniambia kwa upole kwamba ni mambo ya zamani, nipumzike. Nikaona kwamba aliyepaswa kuambiwa si yeye.

Mama Béa anakaa mtaa wa Bel-Air. Nilijua nyumba yake miaka yote tisa, na miaka yote tisa nilizunguka barabara nyingine. Barazani kwake ana sekretarieti ndogo: kompyuta mbili, printa moja, watu wanakuja kuchapisha barua na kutoa nakala. Mvi zimemjaa. Aliponiona hakusimama, lakini alinisogezea kiti cha wateja.

Nilimwambia yote, kama nilivyowaandikia hapa, pamoja na taa. Alikuwa anapanga karatasi, hakuacha kuzipanga.

"Miye nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Mama Béa?"

"Kila asubuhi nilikuwa ninakuona, unawasha mashine ya Papa Kalonji, unapanguza miwani yake. Njo maana nilijua ile prise ya ukuta inatembea. Ungefikiri nilibahatisha?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya Mkurugenzi.

"Juu nilijua utasema weye. Nilikuangalia, nikasema, bado anapumua, anasema sasa hivi. Nikangoja. Nilifika nyumbani, niko ninangoja. Ule mwaka wote, simu ikilia, nilisema ni Papa Mwansa." Akagonga karatasi mezani zikalingana. "Kisha nikaacha."

Nilisema nisamehe. Aligeuza kibodi ya kompyuta ya pili ikanielekea.

"Andika. Ile yote uliniambia. Weka jina yako."

Niliandika, kurasa mbili. Printa haikutoa kitu. Waya wake ulikuwa umelegea nyuma, nikauhisi kwa kidole nikauchomeka upya, na kurasa zikatoka. Akazisoma zote mbili kwa kidole, mstari kwa mstari, akanipa kalamu nikatia sahihi, akapiga muhuri wa sekretarieti yake, akazifungia kwenye mtoto wa meza. Ilikuwa saa sita. Kutoka ndani ilikuja harufu ya sombe, na mjukuu wake akamwita kwamba bukari iko tayari. Mama Béa aliinuka, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Hakuniambia karibu. Tangu nizaliwe katika mji huu sijawahi kuwa barazani kwa mtu saa ya chakula asiniambie karibu, hata kwa adabu tu. Alisimama mpaka nikainuka.

"Kwenda muzuri, Papa Mwansa," alisema, akaingia ndani.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nyumba yangu mnaijua, watoto wako Kolwezi, mama yao alitangulia. Nilipika, nikala, nikaosha sahani moja.

Nadège, kiti kile kiko bohari, nyuma ya katoni za karatasi. Kirudishe. Poti yangu ni ya thelathini na moja, na najua utataka kuiacha siku chache kwa heshima ya mzee. Usiiache. Ifunge leo, kisha ndipo uandike kwamba umeifunga.